Dole Haliulizwi

Paroko wetu, wakwe zetu wa Bunda, majirani wa Kamunyonge na Kigera mliofunga maduka mkatusindikiza hadi hapa Butiama, naombeni tusikilizane, mimi ni Makongoro Burito, mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa la mama, kisha akaenda akapenda ziwa jingine, na ukoo umeniteua niseme alivyoishi, ingawa mnajua wenyewe kwamba mimi na maji tunasalimianaga kwa mbali.

Kaka yetu Isidori Burito alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapahapa Butiama, mtoto wa tatu wa Mzee Burito na Mama Nyamburi, watu wa mifugo, ambao kwao maji yalikuwa ni ya kunywesha ng'ombe basi, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hapa kuanzia 1958 hadi 1961, halafu shule ya kati Musoma hadi 1965. Huko ndiko alikoliona ziwa kwa mara ya kwanza, akarudi likizo akatuambia kuna maji yasiyo na ng'ambo, baba akamchapa kwa uongo. Miaka ikapita, baba akaenda Musoma kuuza ngozi, akaliona mwenyewe, lakini fimbo ilikuwa imeshaliwa.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuwa fundi msaidizi katika karakana moja ya boti pale Musoma, na mwaka 1976 alipelekwa Dar es Salaam kusomea injini za dizeli. Huko akapewa kazi ya kutengeneza mashine ya kujazia mitungi ya hewa ya wageni fulani, ambao kila Jumapili walikuwa wanazamia baharini kwa kujifurahisha, hawatafuti samaki, hawatafuti maiti, wanaenda kuangalia tu, naye akawauliza kama mtu wa Butiama haruhusiwi kuangalia, wakacheka, wakamfundisha. Alianzia bwawani, akajifunza kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena bila kuhangaika, akajifunza kutobana pumzi hata kidogo wakati wa kupanda, maana hewa hutanuka ikapasua mapafu, akapata cheti cha kwanza Desemba 1976 na cha pili mwaka uliofuata, akarudi Musoma na mtungi mmoja aliouziwa na mgeni aliyekuwa anahama, na mama yetu akawa anauliza kila siku, huyu mtoto amepoteza nini huko chini?

Tarehe 25 Novemba 1978 alifunga ndoa na shemeji yetu Lukresia katika parokia hii, vita vilikuwa vimeanza na malori yamechukuliwa, wakwe zetu wakaja kwa miguu na kwa baiskeli kutoka Bunda. Baba mkwe alikuwa amekataa mwanzoni, akasema hawezi kupokea ng'ombe wa mtu anayejitosa ziwani akiwa na akili timamu, sisi tukaongeza dume mmoja, akili ikaonekana ni timamu kweli. Walijaliwa watoto watatu, Hyasinta mwaka 1980, Felisian mwaka 1983 na Leonardi mwaka 1987, wote mnawaona pale mbele na mama yao.

Miaka ile ya shida, tulipokuwa tunagawana mche wa sabuni kwa kisu, neno kuzamia lilikuwa na maana moja tu mjini, kujificha ndani ya meli ukakimbilia Ulaya. Basi mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi, jirani mmoja akaenda kuripoti kwamba Isidori ni mzamiaji na ana mtungi wa magendo, kaka akachukuliwa, akaulizwa anazamia kwenda wapi, akajibu anaenda chini na anarudi, jibu hilo likawaudhi sana, akalala ndani mpaka bosi wake alipokuja kueleza kazi ya mtungi ule. Alipoachiwa alishuka kwenye majabali ya pwani, akakuta redio na majora ya vitenge yaliyotupwa na watu wenye hofu, hakugusa kitu, alituambia furu, vile visamaki vya mawe, wameshahamia ndani ya redio na wanaonekana wameridhika.

Ni katika miaka hiyohiyo alipompata Shomari Twalib, fundi mabati wa Kigera, mcheshi kupita kiasi, aliyemshonea mikanda ya mtungi kwa mpira wa tairi, kisha akataka kujua kitu hiki kinaendaga wapi, akawa mwanafunzi wake wa kwanza na rafiki yake wa kufa na kuzikana, na neno hilo nalisema nikijua ninachosema. Vitu viliporudi madukani na wageni wa Serengeti wakaanza kupitia Musoma, kaka alikwenda Mombasa mwaka 1989, akapata cheti cha kuongoza wazamiaji, wakaanza yeye na Shomari kuwapeleka watu visiwani siku za mapumziko, wageni na wenyeji pia, akina mama wa Kamunyonge wawili walishuka, mimi nilishikilia mashua. Alikuwa mkali kuliko mwalimu wa katekisimu, hakuna kushuka bila mwenzako, hakuna kushuka kabla wavuvi hawajasema viboko wako wapi, usipande haraka kuliko mapovu yako madogo, na juu ya yote, dole haliulizwi. Maana yake, kule chini ukitaka kusema uko salama unafanya duara kwa kidole gumba na cha shahada, lakini ukiinua dole gumba unasema nataka kupanda, na mtu yeyote akiinua dole, awe tajiri au fundi mabati, wote wanapanda, na sababu mtaulizana mkifika juu.

Sasa jamani, sisi huku dole ni safi, ni mambo poa, ndivyo tulivyokua, na Shomari mkono wake haukuzoea kitu kingine, akiona samaki mzuri, dole, akiona jiwe, dole, siku moja aliwapandisha wageni mara tatu kwa furaha yake tu, wakanuna. Ndipo wawili wale wakakubaliana, kwa kicheko, kwamba dole la Shomari peke yake litaulizwa kwanza.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 1991 Shomari aliinua dole, kaka akamuuliza kwa duara, uko salama, Shomari akainua dole tena, kaka akatabasamu, akageuka kumwonyesha mgeni furu kwenye ufa wa jabali. Kumbe mpira wa mdomoni ulikuwa umechanika, Shomari anavuta maji, na kaka alipogeuka tena mwenzake alikuwa ameshakimbilia juu amebana pumzi, mapafu yakapasuka, akafariki hospitalini siku hiyohiyo. Kaka hakulaumu mpira, hakumlaumu mtu, alisema hadi mwaka huu kwamba aliuliza lisiloulizwa, na mtu aliyekuwa anaimba akifunga bolti akanyamaza.

Alitundika mtungi miaka miwili, mpaka Mwanaupe, mjane wa Shomari, ambaye yupo nasi leo na Mungu amlipe, alipokwenda Kamunyonge akamwambia, shemeji, maji hayajakukosea, na ukikaa nchi kavu hunirudishii mtu, nenda kawafundishe. Akarudi mwaka 1993, na kila kundi kabla ya kushuka alilitajia jina la Shomari Twalib na kosa alilolifanya yeye mwenyewe, hata wageni wakaona aibu kumwangalia, na tangu hapo hakuna aliyeumia mikononi mwake.

Tarehe 9 Oktoba mwaka huu wa 1997 alianguka karakanani, madaktari wakasema ni kiharusi, upande wa kushoto ukafa, ulimi ukafa, mkono wa kulia ukabaki. Jumapili tarehe 19 tulikwenda kumwona, ukoo mzima, akatuangalia mmoja mmoja, akainua dole. Jamani tulifurahi! Tukamuuliza, safi, eh, safi kaka, akainua tena, tukapiga vigelegele wodini mpaka nesi akatukemea, tukaenda nyumbani tukala kwa raha. Jioni Masatu, mwanafunzi wake anayeongoza wazamiaji sasa, akaja kuuliza hali, tukamwambia mgonjwa ametupa dole, sahani ikamponyoka, akasema baba mdogo, dole lile siyo safi. Tulirudi mbio, tukamkuta hajui mtu tena, na Jumatatu asubuhi, tarehe 20 Oktoba, akafariki. Alikuwa anatuaga, nasi tukamshangilia, na shemeji yangu Lukresia hakupata hata kumshika mkono ule.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mliomgeuza kitandani kwa upole, majirani wa Kamunyonge kwa kuni na unga, wafanyakazi wenzake kwa jeneza mlilolipiga randa wenyewe, na ndugu zetu Waislamu wa Kigera kwa kukesha nasi.

Kaka, tumechelewa kuliona dole lako, lakini tumeliona, na hatuulizi tena. Panda taratibu, acha mapovu yako yakutangulie, Shomari yuko juu anakungoja. Pumzika kwa amani.