Hyasinta Chilumba na Vidonge Alivyokataa Kugawa

Marehemu Hyasinta Chilumba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1932, Lukuledi, wilaya ya Masasi. Alisoma shule ya misheni hapo hapo hadi darasa la nne, na masista wakamfundisha cherehani.

Mwaka 1953 alifunga ndoa na Mzee Wilbert, wakahamia Dar es Salaam. Alishona Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na baada ya Azimio la Arusha akawa miongoni mwa walioanzisha ushirika wa washonaji. Uzi ulipoadimika waligawana sawa, hata uliobaki kwenye cherehani.

Januari 1978 aligundulika ana kansa ya utumbo mpana, nayo ilikwisha kufika kwenye ini. Madaktari wa hospitali ya Upanga, alikolazwa, walikuwa wakipima kama dawa mbili kwa pamoja zinaishinda moja. Wagonjwa walipangwa kwa kura: wengine sindano peke yake, wengine sindano na vidonge. Hyasinta aliangukia vidonge. Jirani yake wa kitanda, Bi Zamzam wa Mtaa wa Swahili, alipata sindano tu.

"Mwenzangu una chai na andazi," Bi Zamzam alimtania. "Mimi chai kavu."

"Chukua nusu, shoga."

Wakagawana vidonge. Daktari aliwasikia wakichekea andazi, akauliza, nao wakaeleza bila kuficha. Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Mama zangu, mkifanya hivi hatutajua kilichosaidia ni nini."

Hyasinta aliomba wasitolewe kwenye utafiti. Daktari aliliandika kosa lile, akawabakiza kwa sharti kwamba kila mtu ameze chake.

Mwezi Mei Bi Zamzam alizidiwa, akanyoosha mkono kuomba kidonge. Hyasinta akafumba kiganja.

"Nikikupa, shoga, watakaokuja nyuma yetu watatibiwa kwa kubahatisha."

"Na mimi je?"

Hyasinta alimeza chake, akageukia ukutani, akalia. Walinuniana hadi Bi Zamzam, alipopata nafuu, alipomsogezea bakuli lake la uji.

Uvimbe wa Hyasinta ulinywea kwa miezi kadhaa, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Alitapika, nywele zikapukutika, lakini kila Jumatatu alivuka Mnazi Mmoja kwa miguu kwenda Upanga kuchomwa sindano. Kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Alifariki nyumbani, alfajiri ya tarehe 9 Septemba 1979.

Ameacha mume, binti yake Selina, mwanawe Eliakimu, wajukuu wanne, na Bi Zamzam, ambaye bado anachomwa sindano yake. Utafiti haujakamilika.

Hyasinta, lala kwa amani. Jibu tutalisubiri sisi.