Bwana Khaki na Mifuko Isiyolowa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Bwana Khaki, alizaliwa tarehe 3 Juni 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe. Mjane wake ameridhia wasifu huu usomwe mbele ya kaburi kwa sharti moja: usipunguzwe neno.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1966. Biashara ya karatasi aliianza akiwa bado mwanafunzi. Wiki moja kabla ya mtihani wa kaka yake, alichukua madaftari yote ya kaka huyo akamuuzia muuza karanga, ayachane ya kufungia. Kaka alifeli. Marehemu alipenda kusimulia kisa hicho kwenye harusi, na watu walicheka mpaka machozi. Kaka alikuwa na desturi ya kutoka nje kidogo.

Mwaka 1974 alipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, akawa anakunja mifuko kwa karatasi za saruji na gundi ya unga. Tarehe 11 Agosti 1979 alimwoa muuzaji wa duka la jirani. Vidole vya bibi harusi vilikuwa vyepesi. Haukupita mwezi, alikuwa akikunja mifuko mia nane kwa siku, na mumewe amekuwa msimamizi.

Kisha ikaja mifuko ya plastiki, myepesi, ya bei ya kutupa. Wateja wakahama mmoja mmoja. "Mzee, karatasi yako ikikutana na samaki mbichi inalia," muuza samaki alimwambia. Kwa zaidi ya miaka ishirini marehemu alihubiri: mitaro inaziba, ng'ombe wanakufa na plastiki tumboni, karatasi hurudi udongoni. Alisema kweli. Ndiyo maana yaliyofuata yaliuma.

Serikali ilipopiga marufuku plastiki mwaka 2019, wateja walirudi mbio, lakini walirudi na samaki wao walewale, na mvua ilikuwa ileile. Marehemu akatoa mfuko wa khaki usiolowa. Alisifiwa, akaalikwa mashuleni, akapewa ngao. Siri ilikuwa nailoni nyembamba iliyobandikwa katikati ya karatasi mbili. Mkewe alimuuliza, "Baba, hii si ndiyo ile unayoitukana?"

Akajibiwa, "Wewe kunja."

Tarehe 9 Februari 2021 wakaguzi waliloweka mfuko mmoja kwenye ndoo. Karatasi ikayeyuka, nailoni ikaelea. Wakauliza nani anaitengeneza. Marehemu, ngao ikiwa ukutani nyuma yake, alisema, "Muulizeni mama watoto. Mimi nauza tu."

Mama watoto alifungwa miezi tisa. Mumewe hakwenda kumwona hata siku moja. Alimtumia salamu: "Vumilia, jina la biashara lisichafuke." Wiki hiyohiyo alichoma uani nailoni yote iliyobaki, lango limefungwa, akivuta moshi wake mwenyewe.

Kikohozi kilianza hapo na hakikumwacha. Alilazwa tarehe 2 Mei 2023. Mkewe alimuuguza siku kumi na tisa, akimgeuza, akimwosha, akimlisha kwa kijiko. Kila asubuhi marehemu alimuuliza, "Mama, umenisamehe?" Kila asubuhi alijibiwa, "Kunywa supu, inapoa." Alifariki tarehe 21 Mei, saa mbili asubuhi, supu ikiwa bado ya moto.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na kaka mmoja, ambaye leo kwa mara ya kwanza amekisikiliza kisa cha madaftari mpaka mwisho.

Mjane anasema jibu alikuwa nalo tangu asubuhi ya kwanza, ila aliona haya kumpa mgonjwa. Ameomba liandikwe hapa: hapana.

Karatasi hurudi udongoni, alikuwa akisema. Nasi tunamrudisha. Apumzike kwa amani, akiweza.