Sanda ya Tope: Bi Mwanasaumu Faki Anastaafu

Tarehe 30 Juni 1998, Bi Mwanasaumu Faki wa Likoni anastaafu baada ya miaka ishirini na minne akiwa fundi wa maabara yetu ya udongo hapa Changamwe. Wakubwa wamemwandalia saa ya ukutani. Hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja, kwa hiyo ni wazi kwamba zawadi hiyo wameifikiria sana.

Kazi yake ilikuwa kupima kama tope li hai. Unalitia chupani pamoja na dawa ambayo mwanzoni ni nyeupe kama maji. Vijidudu vilivyomo vikipumua, vimeng'enya vyake huigeuza dawa kuwa nyekundu. Kesho yake unachuja kwa spiriti, na wekundu ukikolea ujue uhai upo. Kila mara Bi Mwanasaumu aliweka kando chupa moja ya tope alilolichemsha kwanza kwenye stovu, tuone kifo kinafananaje. Mhasibu mmoja alidhani ni mchuzi, akaomba aonjeshwe.

Mwaka 1987 lililetwa tope la hori, ule mkono wa bahari chini ya Magongo. La kwenye mfereji wa kiwanda kimoja cha ngozi lilitoa maji meupe. La ng'ambo, akina mama wanakookota kome, lilitoa mekundu ya kupendeza. Mkuu wa idara wakati huo, Bwana Phineas, mwenye digrii mbili na kalamu tatu mfukoni, hakuhitaji maelezo ya fundi. Nyekundu ni hatari. Hata taa za barabarani zinasema hivyo. Akaandika kwamba mferejini ni safi, kwenye kome kumeoza, basi mfereji wa pili na utolewe huko huko kulikokwisha haribika.

Bi Mwanasaumu alikataa kutia sahihi. Aliiweka chupa ya mchemsho mezani pa mkuu, kando ya ile "safi", zikawa pacha, kisha akasema kwa adabu zake zote: "Bwana mkubwa, weupe huo ni sanda." Kwa neno hilo aliosha chupa miaka tisa.

Ripoti ilitaka sahihi ya fundi, ikaipata kwa mwingine. Mfereji ukachimbwa. Bwana Phineas naye akapandishwa cheo, kama ilivyo desturi yetu kwa wasiojua rangi.

Wiki iliyopita Bi Mwanasaumu alilipima tope la kwenye kome kwa mara ya mwisho. Aliniwekea mezani chupa mbili zisizo na lebo, hiyo na ya mchemsho. "Haya Chengo, chagua iliyopikwa." Nilizitazama mpaka saa ya chai, zote nyeupe, nikashindwa. Sahihi ya mwaka ule ni yangu.

Bi Mwanasaumu, ahsante kwa kazi yako, na kwa kutonitaja miaka yote hii. Mola akujaalie afya, umri mrefu na majirani wanaosikiliza. Kapumzike nyumbani kwa raha. Chupa zile mbili nimeziacha pale pale mezani, nione haya kila asubuhi.