Mama Kamati Ashuka Mtoni

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Katibu Mkuu wetu, maarufu kama Mama Kamati, anastaafu. Kutakuwa na hafla fupi. Kwa kuwa ratiba ameiandaa mwenyewe, tafadhali kuleni vizuri kabla ya kuja.

Alipoajiriwa, chama chetu cha kusaidia sayansi ya wananchi kilikuwa chumba kimoja juu ya saluni. Fundi baiskeli, muuguzi na mwalimu wa hesabu walipima maji ya mto kila Jumamosi, nasi tuliwatafutia vifaa. Leo tuna jengo la ghorofa, matawi, shirikisho la matawi na baraza la kulisimamia shirikisho. Wanaopima maji ni walewale watatu.

Mama Kamati alipenda vikao kama wengine wanavyopenda chai. Kamati yake ya istilahi ilibishana miaka minne kama mpima maji aitwe mwanasayansi, mshiriki au mdau. Waheshimiwa wa bodi walihofia neno “mwanasayansi” lingechakaa likishikwa na fundi baiskeli.

Kisha samaki wakaanza kufa. Muuguzi alileta chupa ya maji yanayonuka rangi. Bodi ilimshukuru sana, ikamtaka arudi na chupa yenye kizibo kilichoidhinishwa.

Kesho yake Mama Kamati alishuka mtoni na muuguzi, akiwa na viatu vya mkutano. Alizama kwenye tope hadi magotini. Kiatu kimoja hakikurudi. Ofisini hakuitisha kikao, jambo lililotutisha kuliko samaki. Alipiga simu redioni: “Jamani, msinywe maji ya bomba. Mto yanakotoka nimeunusa kwa pua yangu.” Jioni ile bomba lilifungwa, na wakaguzi wakabisha hodi kwenye kiwanda cha rangi.

Bodi ilimpa onyo kwa kusema bila idhini, kisha ikapokea tuzo ya kuokoa mji. Mwenyekiti alihutubia mpaka maua yakanyauka. Wapima maji walikosa viti. Mama Kamati aliacha chake cha mbele, akaenda kusimama nao mlangoni.

Baadaye aliwatafutia haki ya kupiga kura kwenye bodi kwa silaha aliyoijua: kikao juu ya kikao, mpaka wapinzani wakasaini ili waende nyumbani.

Asante, Mama. Mumeo anaomba ukumbushwe kwamba wajukuu hawahitaji akidi. Tunakutakia pumziko jema, refu, lisilo na “mengineyo”.