Simu ya Mkasi Inasubiri

Leo kinyozi, ambaye kijiwe kizima kinamwita Mkasi, alifunga duka mapema akaja kukaa kwenye benchi la muuza kahawa, maana hapo ndipo mtandao unashika kuliko mtaa mzima. Mama yake amelazwa, na wodi inaruhusu mtu mmoja tu kukaa na mgonjwa. Aliyeingia ni dada yake. Walikubaliana kwamba hali ikibadilika, atampigia kwa intaneti, maana salio la kawaida hana. Mkasi roho ilikuwa juu juu.

— Inazunguka tu hii simu, jamani.

Betri, fundi wa saa, hakosi jibu hata akiulizwa habari za mbinguni.

— Hewa imejaa, ndugu yangu. Watu wanaongea upuuzi mno, maneno yanagongana huko juu.

— Acha fiksi, akasema muuza kahawa. Ni samaki, wanatafuna nyaya baharini.

— Samaki gani! Wakubwa wana anga yao. Yetu wameikunja, wameitia stoo!

Wakacheka. Mkasi hakucheka. Waya, anayefanya kazi kampuni ya simu, akakohoa, akajiweka sawa.

— Hamjui kitu nyie. Jioni watu wakizidi, tunawapanga. Wenye kifurushi cha dhahabu wanapita kwanza, hasa leo kuna mechi, picha zao zisigande. Wa kawaida wanasubiri. Nimeipanga mwenyewe hiyo, bosi kanipa mkono.

— Na mimi je?

— Wewe wa kawaida, Mkasi. Ila hujakatwa. Unasubiri tu.

— Nasubiri watu waone mpira?

— Usinune, bwana. Mechi ikiisha njia inafunguka.

Mkasi alitamani kummwagia kahawa usoni. Ghorofa la ng'ambo likalipuka kwa vifijo. Huko picha hazikuganda hata kidogo.

Vifijo havijatulia, dada yake akatokea kwenye kona, viatu mkononi, macho mekundu.

— Kaka, amekuita mpaka amekata roho. Nimekupigia, nimekupigia. Mbona hukupokea?

Betri akainamia kikombe. Muuza kahawa akainua birika, likatoa machicha matupu.

— Waya, akasema Mkasi, mjibu dada yangu.



Mechi ikaisha. Watu wa ghorofani wakaanza kushuka wakiimba, na simu ya Mkasi ikalia mkononi. Ulikuwa ujumbe wa dada: "Kaka njoo, mama anakuulizia."