Fundi Randa na Boti ya Baba Yake

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Fundi Randa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1943, wa kwanza kati ya wawili. Baba yake hakuwepo siku hiyo. Alikuwa vitani, fundi mitambo kwenye boti ya mbao ya doria ya jeshi la majini.

Alisoma hadi darasa la nane, kisha akajifunza useremala katika shule ya ufundi, akahitimu mwaka 1962. Alifanya kazi karakana ya bandari miaka thelathini na sita bila kupoteza kidole hata kimoja, jambo alilojivunia kuliko vyeti vyake. Mwaka 1969 alimwoa muuguzi wa zahanati ya bandari, mama yetu.

Alipostaafu mwaka 1998, aliikuta boti ya baba yake nyuma ya kinu cha unga, imezama matopeni, kuku wanatagia ndani. Aliijua kwa namba iliyochongwa kwenye boriti, ile ile aliyoisoma nyuma ya picha ya baba yake. Kwa miaka tisa alibadilisha mbao zilizooza moja baada ya nyingine, akaziba kila ufa kwa kalafati. Mama aliwaambia majirani, “Mwenzenu nina mke mwenza, tena wa mbao.” Makaratasi yote ya umiliki wa boti marehemu alimkabidhi mdogo wake, karani mstaafu: “Shika wewe. Mkono wangu unajua randa tu.”

Mwaka 2007 boti ilielea. Mwaka uliofuata marehemu alifika kwenye boti asubuhi na kopo la vanishi, akazuiwa na mlinzi.

“Mzee, hii sasa ni ya hoteli.”

Ndani walikuwa wanakata chumba cha nahodha kwa msumeno, wapate nafasi ya baa. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake.

“Umeiuza?”

“Kaka, lile gogo lilikuwa linakumaliza.”

“Ungeniambia, basi.”

Hakushika randa tena. Hatutasema alisamehe, maana hakutuambia hivyo.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2018. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2020, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Siku chache kabla, binti yake mkubwa alimuuliza, “Baba, na baba mdogo tumwandike kwenye wasifu wako?”

Akajibu, “Mwandikeni. Ni ndugu yangu. Ila msiseme alinisaidia.”

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja.

Baba mdogo, tumekuandika.

Fundi wetu, pumzika sasa kwa amani.