Redio Wetu, Jaji Aliyekataa Kuondoa Sahihi Yake

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kifungua mimba wa mama fundi cherehani na baba aliyeshika bendera stesheni. Sisi wadogo zake watano tulimfuata. Mama akimtuma chumvi dukani, alirudi na habari za mtaa mzima: nani kamwonea nani, na nani anaongopa. Jirani mmoja akamwita Redio, na jina likamganda. Hata alipokuja kuvaa joho la ujaji, nyumbani alibaki Redio.

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya reli, kisha sekondari ya bweni ya wasichana. Baba alitaka awe muuguzi.

“Ubishi hauna mshahara, mwanangu,” alimwambia.

“Baba, mbona nabisha bure tangu zamani? Wacha sasa nilipwe.”

Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na mjadala ukaishia hapo. Mwaka 1980 dada alihitimu shahada ya sheria.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na mpima ardhi, mtu wa maneno machache, aliyekuja kupima kiwanja cha mteja wa dada, wakati huo wakili kijana, na kuondoka na anwani ya wakili mwenyewe. Walijaliwa binti na mwana. Shemeji husema kwamba katika ndoa ile yeye alipewa nafasi ya kuongea siku ya kiapo tu.

Marehemu alikuwa wakili, kisha hakimu, na mwaka 1998 akateuliwa jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 2015 alichaguliwa kwenda ughaibuni, katika mahakama ya kimataifa ya makosa ya kivita. Huko ndiko alikokutana na kesi iliyomtia majaribuni. Kamanda mmoja alishtakiwa kwa kuamuru hospitali ipigwe mabomu, wagonjwa, wengi wao watoto, wakiwa vitandani. Muuguzi aliyenusurika alitoa ushahidi. Mwaka 2021, marehemu na majaji wenzake wawili walitia sahihi hati ya kumkamata kamanda huyo.

Hakukamatwa. Alitembelea nchi zilizoahidi kumkamata, akatandikiwa zulia na kupigiwa gwaride. Serikali yenye nguvu iliyokuwa rafiki yake iliwawekea majaji wale vikwazo. Kadi ya benki ya marehemu ikagoma dukani, foleni ikiwa ndefu nyuma yake. Akamwambia muuzaji, “Samahani, tumewekewa vikwazo, mimi na hizi nyanya.” Watu walicheka, naye akacheka. Alipofika nyumbani alikaa jikoni na koti lake mwilini, hakuwasha hata taa.

Lililomuuma zaidi ni la binti yake, aliyekuwa akiishi katika nchi ya serikali hiyo iliyoweka vikwazo, na karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Marehemu alinyimwa viza. Binti akapiga simu akilia.

“Mama, si ujiuzulu tu? Wakiona umeondoa jina lako watakuruhusu. Nakuhitaji hapa.”

“Najua, mama. Hakuna ninachokitaka kama kuwa hapo. Lakini nikiondoa jina langu, nitakuwa nimesema wale wagonjwa hawakuwepo.”

“Na mimi je?”

Baada ya simu hiyo, Redio wetu alimuuliza mumewe kama wao majaji wanawakamata wanyonge tu na kuwaachia wakubwa. Mumewe akamjibu, “Basi wewe usiwe wa kuwaachia.” Jina lake likabaki pale pale.

Alistaafu mwaka 2024 na kurudi nyumbani. Mwezi wa Januari uliofuata, madaktari waligundua saratani ya kongosho. Binti alikuja na mtoto, ambaye tayari alikuwa anakimbia. Bibi na mjukuu wakafahamiana kitandani, wakigombea mto. Siku moja yule muuguzi aliyetoa ushahidi naye alisafiri kuja kumwona.

“Nisamehe,” marehemu alimwambia. “Hatukumkamata.”

“Mama, dunia nzima iliambiwa pale hatukuwa na wagonjwa, tulikuwa na silaha. Wewe uliandika kwamba walikuwa wagonjwa. Wazazi wa wale watoto wanayo nakala ya maandishi yako. Wanayasoma.”

Marehemu alimshika mkono, hakuuachia mpaka usingizi ulipomchukua. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 3 Juni 2025, mumewe na watoto wake wote wawili wakiwa kando yake.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu na wadogo zake watano. Kamanda yule yuko huru hadi leo. Hati nayo haijafutwa, na majaji vijana waliokuja kumzika wametuambia wanaendelea na kesi.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko la amani, dada yetu mpendwa.